Masega ya Pikapu ya Baba

Baba alikuwa mkulima wa kahawa Iyula, na pikapu yake nyeupe aliinunua kwa mavuno ya msimu mmoja uliokuwa mzuri kuliko yote. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika miaka mingi, lakini aliipenda kama vile imetengenezwa kwa ajili yake. Ilibeba kahawa, mbolea, mabati ya kanisa na wagonjwa wa kwenda hospitali Vwawa. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Tunduma, na kila alipokuja mpakani kutafuta spea alipitia kwangu kunywa chai.

Ilifika wakati akawa anaingia ameshika paji la uso. Alisema kichwa kinamuuma, anataka kulala kidogo. Akilala saa moja anaamka mzima, anawasha gari, anaondoka. Tulidhani ni presha. Mama alimpunguzia chumvi, mboga zikawa hazina ladha, na Baba akazila bila kulalamika. Kichwa kiliendelea.

Aliyetufumbua macho ni mfanyabiashara mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, ambaye binti yake nilimfundisha masomo ya ziada. Naye alikuwa na pikapu ya aina ile ile, ila yake aliinunua mpya Lusaka. Siku moja alikuta ya Baba imeegeshwa mlangoni kwangu. Akainama, akaitazama chini, kisha akaniuliza, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "Bamayo, ninyi hamkupata barua?"

Kesho yake alinivushia mpakani nakala ya barua hiyo. Iliandikwa kwa Kiingereza na kampuni iliyotengeneza magari yale. Ilisema kwamba katika magari ya miaka fulani, kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi kinapasuka kwenye maungio, na moshi unaweza kupenya sakafuni hadi ndani ya kebini. Dereva anaweza kuumwa kichwa, kusinzia, hata kuzimia. Wenye magari waliombwa wayarudishe kwa wakala, wabadilishiwe kifaa bila malipo.

Nilimsomea Baba ile barua kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Alinirudisha mara mbili kwenye maneno "bila malipo", na mara moja tu kwenye "kuzimia".

Tulikwenda Mbeya. Baba alivaa koti lake la kanisani na kubeba karatasi zote za gari, hata risiti za matairi yaliyokwisha zamani. Kwa wakala tulipokelewa na dada mpole aliyeandika namba ya chesisi, akaitafuta kwenye kompyuta, akaitafuta tena. Alitueleza kwamba gari letu halimo kwenye orodha yao, kwa sababu wao wanashughulikia magari waliyouza wenyewe. Letu liliuzwa mara ya kwanza Japani, kwa hiyo haki yake ipo Japani.

"Sasa nilipeleke Japani?" Baba aliuliza. Hakuwa anatania. Alitaka kuelewa.

Dada yule aliona aibu. Akamwita meneja, na meneja akasema ataandika Dar es Salaam kuomba tusaidiwe kwa hisani tu. Tukarudi nyumbani. Kuanzia hapo nikawa napiga simu kila Ijumaa baada ya vipindi. Mara meneja yuko safarini, mara jibu halijafika, mara niliambiwa nitume tena namba ya chesisi. Niliituma mara nyingi hadi nikaijua kwa moyo. Baba hakuacha kuendesha. Msimu ulikuwa umeanza, na watu walikuwa na kahawa yao barazani wakimsubiri.

Mvua zilikuwa zimeshaanza kunyesha nilipopigiwa simu. Kifaa kimepatikana, kimoja, mleteni mzee na gari.

Tulisubiri kwenye benchi, Baba akiwa na lile koti lake. Waliinua gari juu. Baada ya muda mfupi sana fundi akatoka, akatuomba tuingie tukaone wenyewe. Alimulika chini kwa tochi. Bomba la ekzosi lilikuwa limekatwa, likatolewa kitu ndani, kisha likachomelewa upya kwa mkono usio wa kiwandani. Alilipiga kwa spana, likalia kama debe tupu.

"Mzee, hiki kifaa hakipo," alisema. "Kilishatolewa."

Meneja alikuja, akaeleza kwa upole wote kwamba wao wameruhusiwa kubadilisha kifaa kibovu kwa kipya. Kile kibovu lazima kirudi kiwandani. Hapa hakuna cha kurudisha. Baba alisema kwa uhakika kwamba hajawahi kumruhusu mtu yeyote kukata bomba lake. Alisema pengine ni kule kule Japani, au bandarini. Meneja alitikisa kichwa kwa huruma.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Miaka mitatu nyuma, Baba akiwa amelazwa kwa malaria, mimi ndiye niliyepeleka pikapu gereji pale Tunduma. Ilikuwa haina nguvu kwenye vilima. Fundi aliniambia masega yameziba. Masega ndiyo jina la mafundi wetu kwa kile kifaa, kwa sababu ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Akasema yanakaba injini, magari yote hapa yanatolewa masega, na hili likitolewa litapanda milima kama jipya. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Nikasema, "Toa," na kalamu yangu haikusimama.

Nilimwambia Baba tukiwa njiani, tumeshapita mto Songwe. Nilimwambia yote, hata madaftari. 

"Ulijua ni kitu gani?" akauliza.

"Sikujua, Baba."

"Hata mimi ningesema atoe." Kisha akashusha kioo chake, nami nikashusha changu, na baridi ya Mbozi ikaingia.  Afadhali angenigombeza.

Nilimrudia yule fundi wa Tunduma. Alishangaa nikimuuliza masega yaliko. Alisema waliyauza kwa watu wanaopita kuyakusanya, siku zile zile. Akaniziba kwa kuchomelea nyufa zilizokuwa zikivujisha moshi pale alipounga bomba, na kwa wiki mbili Baba hakuumwa kichwa. Wiki ya tatu nyufa zilifunguka pembeni ya pale palipochomelewa. Tuliziba tena, na tena. Bomba lilikuwa limeoza, kila moto wa kuchomelea ulilitoboa mahali pengine. Nilimsihi aliegeshe gari. Alinijibu kwamba nikimtafutia jingine ataliegesha leo.

Aliacha kuendesha kwa hiari yake siku aliyobeba wanawake wa kwaya kutoka msibani. Pikapu iliacha barabara taratibu, ikaingia kwenye mahindi ya mtu na kutulia. Wanawake waligonga paa la kebini wakidhani anatania. Walimkuta ameweka kichwa kwenye usukani, anapumua. Walimtoa nje, wakampepea kwa kanga, akaamka akiuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna aliyeumia. Jioni hiyo alimkabidhi Mama funguo.

Mnunuzi alitoka Saza, kwenye machimbo. Alitaka gari la kubebea mawe. Baba alikataa kupokea chochote kabla sijamsomea yule mtu barua yote. Nilisoma. Alisikiliza kwa heshima, mikono nyuma, kisha akauliza kama gia zinaingia vizuri.

"Mwanangu, vioo uvishushe," Baba alimwambia. "Vyote viwili. Hata kukiwa na baridi."

"Sawa, mzee wangu."

Aliondoka vioo vikiwa chini, akatupungia. Tulisimama kwenye miche ya kahawa tukimwangalia. Alipofika barabara kubwa, lori lilipita mbele yake na vumbi likatanda, nikamwona akipandisha kioo.

Baba akainua mkono kama anayetaka kumsimamisha, lakini gari lilikuwa limeshakwenda.