Nyumba Nyuma ya Michikichi

Mume wangu anatengeneza simu karibu na soko la Rumonge. Mimi nashona nguo kwenye kibanda hichohicho, yeye upande wa mlango, mimi upande wa ukuta. Hapo ndipo nilipoijua ile gemu ya basi ambayo vijana walikuwa wakipeana kutoka simu hadi simu. Mtu asiyejulikana alikuwa ameichukua gemu ya kuendesha mabasi, akaingiza humo barabara yetu, ile inayotoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, na ziwa likawa kweli upande wa kulia.

Kilichowapendeza zaidi ni vichekesho alivyoficha ndani. Ukipiga honi mbele ya soko la samaki, mbuzi anaruka juu ya paa la basi na kusafiri nawe. Ukisimama mahali fulani kwenye kizuizi, polisi anavua kofia na kuanza kucheza ngoma. Kila aliyekuja kubadilisha kioo cha simu alikuwa na siri mpya ya kusimulia, na mume wangu alizitafuta kama mtoto.

Mchana mmoja wa mvua, soko likiwa limetawanyika, aliniita nije kuona siri aliyoipata mwenyewe. Alikuwa ameiacha lami kwenye daraja dogo la Gatete, akalipitisha basi katikati ya michikichi ambako hakuna njia. Huko nyuma palikuwa na nyumba. Nusu ya paa lake ilikuwa vigae, nusu mabati. Mlango ulitazama ziwa badala ya barabara, na ulipakwa rangi ya kijani ya mitumbwi. Nyuma yake palikuwa na shimo lililofunikwa kwa mbao za mtumbwi mkuukuu.

Ile ilikuwa nyumba yetu. Ilichomwa nikiwa mtoto, kabla hatujakimbilia Tanzania, na hakuna picha yake hata moja iliyobaki. Mume wangu, ambaye nilikutana naye kambini, hajawahi kuiona. Yeye alikuwa bado anacheka. Akapiga honi, na maneno yakatokea kwenye kioo: "Hora. Ziwa limelala, na sisi tulale."

Nilimwomba azime simu. Aliponitazama aliizima bila kuuliza.

Maneno yale, kuanzia hilo hora la kumbembeleza mtoto anyamaze, yalikuwa ya mama yangu. Aliyasema ndani ya shimo lile, ambamo baba alikuwa akihifadhi mawese ya kupikia sabuni, siku watu wenye mapanga walipokuwa wakitembea juu ya vichwa vyetu. Alituambia kwa pumzi tu, mdomo ukiwa sikioni. Baba hakuwa nasi, na hatukumwona tena. Kwa hiyo nilijiuliza: ni nani aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia? Jibu nililolipata lilikuwa moja tu, kwamba ni mmoja wa wale waliokuwa juu. Kwamba alitusikia, akatuacha kwa sababu zake, na sasa anatuambia kwamba anajua tulikorudi.

Nilifanya kosa la kumwonyesha mama. Anaishi nasi, na simu kwake ni kitu cha kuongea na dada yangu aliyebaki Kigoma, basi. Alitazama kioo kwa muda mrefu, akanirudishia simu, akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Tangu siku hiyo alianza kulala na viatu. Nilipomuuliza alisema miguu yake iko na baridi. Alihamisha mkeka wake kutoka dirishani, na mtu akibisha hodi alinyanyua kidole tusiitike mpaka mgeni aseme tena.

Nami sikuwa bora. Wateja wenye umri wa kutosha niliwapima kiuno huku nikiwatazama mikono, nikijiuliza iliwahi kushika nini. Mwanamume mmoja aliposifu kijani cha kitambaa changu, nilimwambia kibanda kimefungwa, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Mume wangu akaamua kumtafuta mwenye gemu. Alimuuliza aliyempa gemu, kisha aliyempa huyo, mpaka akafika kwa kijana wa Bujumbura aliyesema anamfahamu na akakubali kufikisha ujumbe. Tuliandika kwamba tumeiona nyumba, na tunataka kujua aliyeijenga ni nani. Siku ya pili lilikuja swali badala ya jibu: "Yule mama bado yuko hai?"

Mama alisema tusijibu. Alisema hivyohivyo ndivyo walivyokuwa wakiuliza, kwa upole, kabla ya kuja. Lakini mimi nilishindwa kuendelea kuishi na swali lile ndani ya nyumba. Nikamwandikia nikimuuliza jambo ambalo halimo kwenye gemu: mle shimoni mlikuwa na chakula gani?

Akajibu: "Nilikula sabuni."

Nilimsomea mama. Akajifunika uso kwa kitenge. "Mutoto wa jirani," alisema. "Alidhani ni muhogo. Nilimziba mdomo asikohoe, nikaogopa nimemuua."

Nami nikamkumbuka, mtoto mdogo kuliko mimi, povu likimtoka puani. Mama yake alituachia yeye, akarudi kumchukua nyanya yake, na hakuonekana tena. Baadaye mjomba wake alimvusha ziwa kwenda Uvira, na sisi tulisikia kwamba walizama.

Alikuja Rumonge Jumapili moja, mwanamume mwenye mvi chache, fundi wa kompyuta. Alisalimu kwa amahoro mlangoni, akakaa mbali mpaka mama alipomwita. Mama alimshika taya na kulitazama kama anatafuta alama za vidole vyake. Yeye alieleza kwamba aliificha nyumba pale kwa ajili yake mwenyewe. Sura ya mama yake haikumbuki. Sauti aliyobaki nayo kutoka utotoni ni ile ya shimoni. Vichekesho vingine aliviweka ili watu watosheke, wasiende mpaka huko.

Mama alimpa chakula. Mgeni alipomaliza kunawa, mama akamwambia: "Mwanangu, murakoze kwa kunikumbuka. Sasa itoe ile nyumba. Kama wewe unaikumbuka hivyo, na wao wanaikumbuka."

Aliahidi, na alitimiza. Gemu anayotoa sasa ina michikichi mitupu nyuma ya daraja, na humpigia mama simu kila Jumapili. Lakini ile ya zamani haiwezi kurudishwa; imo kwenye simu za watu kuanzia Bugarama hadi Nyanza-Lac. Juzi msichana aliyekuja kuchukua sare yake alimwambia mwenzake, akicheka, kwamba kuna nyumba msituni inayoongea. Nilishona kidole changu. Jioni nilimwambia mama kwamba siku ilikuwa nzuri, nikachungulia kando ya mkeka wake. Viatu havikuwepo pale, alikuwa amevivaa.