Mshumaa wa Fundi Madirisha

Fundi madirisha hakuwa na habari na vipimo vya kisasa. “Mashine hudanganya, mama, moto haujui uongo,” alimwambia mwenye nyumba, aliyetaka nyumba isiyovujisha hewa hata chembe. Basi kila dirisha alilipitishia mshumaa polepole, pumzi kaibana, na mwali ukisimama wima alinong'ona, “Ahsante,” kama aliyekaribishwa kiti. Mama alimfuata nyuma akijizuia kucheka. Nyumba ilikuwa bado tupu, hata kitanda hakijaingia. Walipoingia stoo, isiyo na dirisha, fundi alifunga mlango, akainua mshumaa. Mwali ukalala, ukainuka, ukalala tena, taratibu, kama kifua cha mtu usingizini. Wakatoka kinyumenyume. Fundi akaurudisha mlango kwa vidole viwili, bila kelele. “Mama,” akanong'ona, “humu mmemlaza nani?”