Maua ya Mpakani Yaliyogeuka Rangi

Jua halijafika kwenye miche, na Bathsheba Nyanchera amekwisha kupandisha debe la sita kutoka mtoni. Analipwa shilingi tatu kwa siku kumwagilia miche ya chai katika kitalu hapa Kebirigo. Anaiinamia mmoja mmoja, kama mama anayenywesha watoto uji.

"Mche una mdomo," anasema. "Ukiunyima maji, utakwambia kwa rangi."

Elimu hiyo ya kitalu ndiyo iliyomwokolea shamba mwaka huu wa 1974.

Mumewe, marehemu Manasseh Ombati, aliweka mpaka kwa maua ya porini aliyoyang'oa kando ya mto. Yalikuwa meupe, na wazee waliyaona. Kisha ukaja ukame. Kule mpakani, juu kilimani penye kokoto na jua kali, maua mapya yakachanua zambarau.

Jirani yake Machogu, binamu wa marehemu, akaita wazee.

"Manasseh alipanda meupe," akasema. "Haya ni mengine. Shemeji amesogeza mpaka."

Hatua kumi na mbili za shamba, pamoja na migomba inayolisha watoto wanne, zilikuwa karibu kwenda.

Nyanchera hakupiga kelele. Alimgeukia mzee Josiah Okemwa. "Tata, usikate neno leo. Chimba mche mmoja wa zambarau, uupande mtoni. Mweupe mmoja wa mtoni uulete huku juu. Uifunge kwa mkono wako, nisije nikaambiwa nimeibadilisha."

"Na tungoje nini?" Machogu akacheka. "Maua yaungame?"

"Tungoje yachanue."

Mzee akafunga kila mche kwa kamba ya mgomba, kwa fundo lake mwenyewe. Miezi miwili Nyanchera alipita na madebe yake bila kugusa ule wa mtoni.

"Niliomba Sabato baada ya Sabato," anakiri. "Chai naijua. Haya ya porini nilikuwa nabahatisha."

Wazee waliporudi, mche wa zambarau uliopandwa mtoni ulikuwa na maua mapya meupe, na zambarau kidogo tu kwenye kingo za petali. Mweupe uliopandishwa kilimani ulikuwa umetoa maua matatu, yote zambarau. Mzee Josiah alipapasa fundo lake, akalitambua.

"Ni mmea mmoja," akasema. "Shida ndiyo imeupaka rangi. Mpaka ukae ulipo."

Machogu akainua mikono. "Shemeji, nikikosa uji kesho, mimi nitageuka rangi gani?"

"Njoo unywe, tusijue," Nyanchera akamjibu. Na akaja kweli.

Watu humwuliza kwa nini, mtu wa madebe siku nzima, hayamwagilii yale ya mpakani yarudi meupe. "Yangoje mvua," husema, "kama sisi sote."

Mvua ikinyesha, ana kazi moja. Kaburi la Manasseh liko chini ya migomba, penye kivuli na udongo laini. Atampelekea mche mmoja wa zambarau.

"Pale utapumzika," anasema, akijitwika debe. "Utatoa meupe, kama yale aliyoyaleta yeye."