Nilianza kuuza vitumbua Gando ili nipigiwe hodi

Salaam wakuu, na wadogo pia, maana humu najua wengi wenu ni wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ni kweli tupu, sina umri wa kuanza kudanganya.

Nimeona mnabishana kinachowasukuma vijana kufungua biashara. Huyu anasema mtaji, yule fursa, mwingine passion.

Mie nilifungua ili nipigiwe hodi.

Ilikuwa Pemba, mwisho wa miaka ya hamsini. Nimezaliwa Vitongoji, nikaolewa Gando nikiwa na miaka kumi na saba. Baada ya miezi mitatu mume akavuka kwenda Mombasa kutafuta kazi. Hakuleta barua wala salamu. Hadi leo, kama mtauliza.

Kurudi kwetu niliona haya. Nikabaki peke yangu, mgeni, sina mtoto, sina shoga wa kuzungumza naye. Siku nzima ilipita sijatumia sauti yangu. Jioni nilikuwa nasema "karibu" kwa mlango mtupu, nijue tu kama bado ipo.

Siku moja nikaroweka mchele wa vitumbua kwa mazoea ya watu wawili. Asubuhi sinia likajaa. Nikakaa nalo kibarazani.

Akapita jirani, Bi Mize, mtu mzima, mdomo wake hauna breki.

"We mwana, wauza?"

Nijibu nini? Kwamba nimempikia mume asiyekuwepo?

"Nauza," nikasema.

Wakuu, huo ndio uliokuwa mpango wangu wa biashara.

Kesho yake asubuhi nikasikia "Hodi!" Loh! Nilikimbia mlangoni nusura nipige chini sinia. Kabla ya mwezi kuisha wakawa wanakuja mtaa mzima.

Tatizo, wakishanunua wanaondoka. Nikaanza ujanja. Nachelewesha moto makusudi, natandika mkeka. "Kaeni kidogo, chuma cha vitumbua ndo kwanza chapata moto." Wanakaa, wanazungumza habari za karafuu na harusi, mie nageuza vitumbua polepole ili nisikie mwisho wake.

Najua mnaniona mwehu. Wateja wenye haraka niliwakosa, na sikujali.

Halafu nikashikwa na homa, sikupika.

Nikalala nasikiliza mlango. "Hodi, vitumbua vipo?" "Leo hamna," najibu kitandani. Nyayo zikaondoka. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nililia, sifichi. Kumbe walikuwa wanavipigia hodi vitumbua, si mie.

Adhuhuri ikaja hodi nyingine.

"Hodi!"

"Sikupika, Bi Mize."

"Nani kakuuliza vitumbua? Fungua! Na huo moto wako wa uongo, leo nauwasha mie."

Kumbe alikuwa anajua siku zote! Akanipikia uji, akakaa hadi magharibi.

Niliuza miaka mingi baada ya hapo, na moto nikawa nawasha mapema.

Kwa hiyo vijana, ukianza biashara kwa sababu ya upweke, usione haya. Ila usidhani kila mteja ni mtu wako. Utampata mmoja, naye humjui mpaka siku huna cha kuuza.

Bi Mize alishatangulia, Allah amrehemu. Sasa nakaa Chake Chake, mlango wangu una kengele ya umeme. Wiki hii haijalia.

Uliyesoma hadi hapa, piga hodi hapo chini. Leo sikupika kitu.