Siku Pumzi Ilipokataa Darasani

Wiki jana nilishuka Kisian, nikapanda kilima kilicho karibu na shule yetu ya zamani bila kusimama hata mara moja. Juu nikacheka peke yangu. Wewe hukunijua nikiwa mdogo. Pumu ilinikaba hata nikifagia uwanja. Moshi wa kukaanga samaki, vumbi la chaki, baridi ya asubuhi kutoka ziwani, vyote vilikuwa adui zangu.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno "gasp". Akaeleza kwamba ni kuhema pumzi inapokukatika, na pia ni kushtuka kwa jambo kubwa hadi pumzi isimame. "Nani atatuonyesha?"

Darasa zima likanigeukia. "Mwalimu, huyo hahitaji mazoezi!"

Nikasimama, nikavuta pumzi kwa kelele. Wakacheka. Nikavuta tena, na safari hii haikuingia. Kifua kikapiga mluzi, nikashika dawati. Wakapiga makofi.

"Vizuri sana!" mwalimu akasema. "Oneni anavyoigiza!"

Rafiki niliyeketi naye ndiye aliyepaza sauti: "Mwalimu, haigizi! Tazama shingo yake!"

Chaki ikaanguka. Mwalimu akanibeba mgongoni mbio hadi zahanati ng'ambo ya barabara, wanafunzi wote nyuma yetu. Muuguzi akanivisha barakoa yenye mvuke wa dawa. Hewa ikaanza kupita, kidogo, halafu kidogo tena.

Nyanya aliitwa kutoka soko la Otonglo, alikouza samaki. Aliingia aproni ikinuka mafuta, akanikuta nimeketi nakunywa chai. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Akakaa sakafuni, mkono kifuani.

Dirishani mtu akanong'ona, "Mwalimu, ona, hata nyanya anagasp!"

"Nyamazeni," mwalimu akasema, akijifuta macho.

Nyanya alipopata sauti, alinigombeza. "Wewe mtoto! Ningemkaangia nani mkia wa mbuta?"

Tangu hapo alihamisha jiko lake mbali na dirisha langu. Na kila jioni, kabla sijalala, aliweka sikio mgongoni mwangu. "Lala," alisema. "Leo njia iko wazi."

Darasa lile limebomolewa. Nyanya hayupo. Pumu ilinitoka taratibu nilipokua, na kupumua bila kufikiri ni raha ambayo bado sijaizoea. Kifua changu kimetulia kabisa miaka hii yote, na hakuna tena anayekisikiliza.