Masikio ya Pongo

Nilitoka Khunyangu asubuhi moja bila kumuaga mtu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikibeba magunia kwenye mashine ya kusaga, na siku hiyo, nikiwa njiani kwenda kazini, niliona miguu imeupita mlango wa mashine. Nikaiacha iende. Nilikuwa na shati la pili, kisu, na masomo niliyoyakatiza darasa la sita.

Jioni ya siku ya pili nilifika mahali ambapo mashamba yaliisha ghafla. Upande huu mihogo na mtama, upande ule msitu. Wakoloni waliwaondoa watu huko kabla sijazaliwa kwa sababu ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na tangu hapo hakuna aliyelima. Pembeni palikuwa na hema mbili na mwanamume wa makamo aliyekuwa akishona kitambaa cheusi kwenye fremu ya fito.

"Unajua kuandika?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Najua."

"Basi wewe ndiye karani. Yule mwingine alitoroka jana. Alisema hii ni kazi ya ng'ombe."

Afisa wa idara ya mbung'o alikuja Ijumaa kwa Landrova, akanitazama nikiandika jina langu, akaniajiri.

Yule aliyenitangulia hakukosea sana. Yule mshonaji, niliyemwita mzee, alibeba kitambaa cheusi mgongoni na kutembea polepole kwenye njia iliyofyekwa msituni, kwa kuwa mbung'o hufuata kitu cheusi kinachotembea. Yeye alikuwa chambo. Mimi nilimfuata na wavu. Kila tulipofika kwenye kigingi alisimama, nikawanasa waliotua na kuandika idadi. Ukurasa wa kushoto wa daftari ulikuwa wa mbung'o. Wa kulia ulikuwa wa wanyama, maana ofisi ilitaka kujua mbung'o hunywa damu ya nani.

Ukurasa wa kulia ndio ulionifunga pale. Sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo. Minyaa iliyokuwa ua wa maboma ilikuwa imekua mirefu kuliko nyumba, ikiwa bado imesimama duara, na ndani ya duara hizo walilala pongo, wale swala wa vichakani. Nilimwandika dume mwenye pembe moja. Nilimwandika jike aliyechechemea mguu wa nyuma, aliyelala kila mchana kando ya jiwe la kusagia. Niliandika nguruwe mwitu, kenge, kanga, na nyayo za chui kwenye tope la mto. Afisa alilifungua daftari akacheka. "Wewe umeniletea hadithi," alisema. "Mimi nataka namba tu." Tangu siku hiyo alisoma kushoto peke yake.

Lile jiwe la kusagia lilikuwa la mama wa yule mzee. Alinionyesha siku moja, bila kusimama, kama mtu anayeonyesha duka. Alitolewa pale akiwa mgongoni mwa mama huyo. Sasa Uhuru ulikuwa umekuja na ofisi ilikuwa imetangaza kwamba mbung'o wakipungua kwa misimu miwili, upande wa mtoni utafunguliwa na wenyewe warudi. Baba yake alikufa kwa watu, kwenye shamba la kuazima huko Bukhayo, akazikwa huko huko kama mgeni. Mzee hakutaka naye kufa hivyo. Ndiyo maana alikubali kuwa chambo.

Mbung'o wakaanza kupungua. Mwanzoni nilifurahi naye. Kisha nikaona kwamba kila asubuhi, kabla hatujatoka, alikitandaza kitambaa juu ya moto wa mavi ya ng'ombe mpaka kikanuka moshi, na yeye mwenyewe akasimama hapo akikohoa. Mbung'o walikuja, wakazunguka, wakaondoka bila kutua.

Sikumwambia afisa. Ila upande wa kulia niliendelea kuandika nilichokiona: pongo jike, mchana, masikio hayatulii, anapiga tumbo kwa mguu, mbung'o wengi. Mtu yeyote ambaye angesoma kurasa zote mbili kwa pamoja angejua kwamba moja inadanganya.

Mzee hakujua kusoma, lakini alijua nilikuwa natazama nini. Siku moja kwenye kigingi aliniuliza, "Karani, hapo umeandika nini?"

"Masikio ya pongo."

"Masikio yamefanya nini?"

"Yanatikisika. Mbung'o wamemjaa."

"Pongo haombi shamba," alisema. "Andika amelala. Si amelala?"

Alikuwa amelala kweli. Nikaandika amelala. Kesho yake pia, na siku zilizofuata. Nilijiambia kwamba sikuandika uongo.

Upande wa mtoni ukafunguliwa. Mzee alikuwa wa kwanza kuingia. Alimleta mke wake, mwanamke mcheshi aliyeniita shemeji na kunitania kuwa nimeoa daftari. Walijenga nyumba ndani ya duara lile la minyaa. Familia nyingine zikafuata, wakachoma vichaka, wakawatega pongo. Ukurasa wangu wa kulia ukapungua kweli sasa. Dume la pembe moja lililiwa. Jike mwenye kuchechemea sikumwona tena, na sikuuliza. Mbung'o waliokosa pongo hawakufa njaa. Waliwasubiri wanawake mtoni.

Baada ya mvua, mke wa mzee alianza kuumwa kichwa na homa. Kisha siku moja ugali ukaungua mbele yake, mwiko ukiwa mkononi.

"Mama wewe umezeeka haraka," mzee alimtania. "Unalala kama bibi yangu."

"Nimeolewa na moshi, nitakosaje kulala?" alijibu, na usingizi ukamchukua tena kabla hajamaliza kucheka.

Nilimgusa nyuma ya shingo. Matezi yalikuwa yamevimba, kama nilivyoonyeshwa kwenye picha ya afisa. Tulimfunga kwenye baiskeli kwa leso mbili na kumsukuma mpaka hospitali ya misheni. Walimchoma sindano kwenye uti wa mgongo, wakasema amecheleweshwa. Dawa zenyewe zilikuwa kali, alilia mishipa inaungua. Alikaa huko wiki chache, akafa.

Mzee alimrudisha akamzika kando ya jiwe la kusagia. Siku ile ile ya matanga afisa alikuja kusema kwamba wengine wameugua na upande wa mtoni utafungwa tena. Watu walianza kung'oa milango yao.

Nilimkuta mzee ameketi juu ya udongo mbichi. Nilianza kusema pole, nikaongeza kwamba kosa lilikuwa langu pia.

"Lako zaidi," alisema, bila hasira. "Mimi nilijua moshi. Wewe ulijua kuandika."

Asubuhi yake alikichukua kitambaa kipya kisichopitia motoni, akaniambia twende. Kwenye kigingi cha kwanza mgongo wake ulijaa, na hakujitikisa hata mara moja. Nikaandika wote. Nilimpa afisa daftari, nikamwomba asome kulia pia, kuanzia mwanzo, na nikamwambia kuhusu masikio. Alisoma akiwa amesimama. Alinifukuza kwa maneno machache. Mzee aliambiwa aondoke pia, akasema ataondoka kesho. Watu ambao ningeweza kuwauliza habari zake baadaye walikuwepo. Mimi sikuuliza.

Nilipata lori la chumvi Busia. Tanboi, msaidizi wa dereva, alinitazama nikisinzia juu ya magunia akapiga kelele, "Boss, ukilala utaanguka, na sisi haturudi kuokota." Niliamka, nikajishika shingo kwa nyuma. Nilijishika hivyo njia nzima.

Malaba ilikuwa saa nane mchana, malori yamepanga foleni mpaka relini. Mama mmoja mwenye vyumba vinne nyuma ya hoteli yake alinipa cha mwisho, chenye kitanda cha kamba. Nilimwomba jambo moja.

"Mama, ukiona nimelala mchana, niamshe. Nisipoamka upesi, niite kwa nguvu. Nikiamka vibaya, nipeleke hospitali."

Alinikagua kuanzia viatu. "Watu hulipa hapa ili walale," alisema. "Wewe unalipa uamshwe?"

"Ndiyo."

Aliweka ufunguo mkononi mwangu. "Basi nitakuja saa kumi," alisema, na saa kumi akaja.