Mla Vyura wa Daktari Crouch

Siku hizi nikiwasikia mabibi wa mjini wakimwita mtu "mla vyura", huwa natamani kuwauliza kama wamewahi kumwona hata mmoja. Wao humsema binamu fukara anayeishi kwa hisani ya tajiri, anayembebea mbwa wake, anayecheka kabla kichekesho hakijaisha, na ambaye akiulizwa kama nje kuna baridi humtazama kwanza mwenye nyumba. Sawa, tusi limewafaa. Lakini mimi nilimjua mla vyura wa kweli, wa jukwaani, tangu neno hilo halijawa tusi bali kazi ya mtu. Alikuwa mjomba wangu, Jabez Pinnock, ndugu wa tumbo moja na mama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari Crouch, ambaye udaktari wake alijipa mwenyewe, alikuwa akizunguka kwenye magulio ya jimbo letu la Wiltshire na gari la farasi lililofunguka ubavuni likawa jukwaa. Kwetu hakuna asiyejua kwamba chura wa bustanini, yule mnene mwenye vipele, ana sumu ya kuua. Basi mjomba alikuwa akipanda jukwaani, anamwinua chura watu wamwone akirusha miguu, anamtia kinywani, anatafuna, anameza. Punde anaanza kutetemeka. Uso unamwiva, povu linamtoka, anaanguka chali puu! Wanawake wanapiga mayowe, na Crouch wala hana haraka. Anampanua meno kwa kijiko, anamtonesha dawa matone matatu, na mjomba anafufuka na kuubusu mkono wa bwana wake. Baada ya hapo chupa ziligombaniwa.

Hakula chura hata mmoja. Chura aliteleza akaingia kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya mkono wa koti, alichotafuna kilikuwa ngozi ya kuku, na povu lilikuwa la sabuni. Ndani ya chupa mlikuwa na maji, asali na pilipili manga. Hayo niliyajua baadaye sana, kwa sababu Crouch alimwapisha kwa Biblia asimwambie mtu yeyote, hata ndugu zake. Na mjomba akishaambiwa jambo na mkubwa, limekwisha.

Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu nitamlaumu. Kila alipopita kwetu Collingford alituletea mkate wa tangawizi, na hakuwahi kumpandishia mtoto sauti. Ila neno "hapana" hakuzaliwa nalo.

"Mjomba wenu huyu," mama alikuwa akitania, "hata bata bukini akimlilia atavua kofia."

"Ni kweli, mdogo wangu," mjomba alijibu.

"Umeona? Hata hilo umekubali!"

Tulicheka sana. Leo sioni cha kuchekesha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya gulio la Septemba. Mama alikuwa akiuza bata wake, na mdogo wangu Lettice, wa miaka minne, alikuwa akicheza nyuma ya ukuta wa kanisa. Mimi ndiye niliyemkuta. Vidole na midomo vilikuwa vyeusi kwa yale matunda yanayong'aa ambayo kila mtoto wa kwetu hukatazwa kuyagusa. Mboni zilikuwa zimepanuka mpaka ubuluu wa macho umetoweka, naye alikuwa akicheka peke yake na kudaka vitu hewani. Nikambeba mpaka kwa mama.

Mama hakupoteza akili. Alimnyakua akaanza kukimbia kwenda kwa Bibi Gedge, mkunga wetu, ambaye mwaka uliotangulia, mtoto wa mwenye kinu cha unga alipokula matunda yale yale, alimnywesha maji ya uvuguvugu yenye haradali mpaka akayatapika yote, akapona. Nyumba yake haikuwa mbali. Tulikuwa tumeshakipita kibanda cha mikate tuliposikia watu wakishangilia mbele ya jukwaa la Crouch. Mjomba alikuwa amefufuka kwa mara ya tatu siku ile.

Mama akasimama, kisha akageuka.

"Bwana daktari! Mwanangu amekula sumu!"

Watu wakatupisha. Crouch alimtazama mtoto mara moja, halafu akawatazama watu. "Mlete hapa, mama! Bure kabisa! Leo mtashuhudia wenyewe!"

Lakini mama hakuwa akimtazama yeye. Alimtazama kaka yake, aliyekuwa bado amekaa chini, povu kidevuni.

"Kaka Jabez, niambie wewe. Nimpeleke kwa Bibi Gedge akatapishwe, au nimpe hii? Wewe umeinywa. Inaponya?"

"Huyo wa kuulizwa nini!" mtu akapaza sauti. "Tangu asubuhi kafa mara tatu na bado anadai chakula cha mchana!"

Watu wakaangua kicheko. Crouch akamshika mjomba bega, taratibu, kama rafiki.

"Mjibu dada yako, Jabez. Dawa yangu ni nzuri, si nzuri?"

Mjomba alimtazama mama, akamtazama Lettice, akamaliza kwa kumtazama Crouch.

"Ni nzuri, bwana," akasema.

Crouch akamtonesha Lettice matone matatu, nasi tukakaa kwenye ngazi za lile gari tukingoja. Mama alikuwa akisema, "Anatulia, mwaona? Anatulia." Kweli alikuwa anatulia. Alipokuja kuitwa Bibi Gedge, mtoto hakuweza tena kumeza. Alikata roho mikononi mwangu kabla kengele ya jioni haijalia, na kufikia hapo Crouch alikuwa ameshafunga farasi wake.

Mjomba hakwenda naye. Alihamia kwetu, akawa anatengeneza nyua za watu na kuchota maji ya nyumba nzima, na kila Jumapili alipalilia kaburi la Lettice. Watu walimsifu kwa mapenzi yake. Mama naye alijitafutia kosa lake mwenyewe: alikuwa amesimama kidogo kumkabidhi jirani bata kabla ya kukimbia. "Dawa ilikuwa nzuri," alikuwa akisema. "Mimi ndiye niliyechelewa. Si ndiyo, kaka?"

"Ndiyo, mdogo wangu," mjomba alijibu. Miaka ishirini na sita.

Mwaka wa ishirini na saba aliniambia mimi, shambani, tukichuma maharage. Alinieleza yote, mfuko, ngozi ya kuku, sabuni, asali, huku machozi yakimtoka. Nilimrushia kikapu. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, na hilo la mla vyura likiwemo, kwa maana yake hii mpya. Aliinama akakiokota kikapu.

"Nimezeeka, mpwa wangu," alisema. "Nataka kumwambia Tamsin, mama yako. Nimwambie?"

"Unaniuliza mimi?" nikafoka. "Mara moja tu katika maisha yako, amua mwenyewe!"

Basi akaamua. Jioni ile ile, mama akiwa anaambua maharage mezani, alivua kofia akasimama mbele yake. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Alisema vizuri, bila kuficha. Alisema hakuwahi kula chura, hakuwahi kufa, dawa ilikuwa maji matamu, naye alilijua hilo alipoulizwa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko kama angempiga.

"Kaka yangu," alisema, "unasema hivi ili niache kujilaumu."

"La, Tamsin. Ni kweli. Naapa."

"Maisha yako yote umemwambia kila mtu kile unachodhani kitampendeza. Ulimfanyia Crouch, sasa unanifanyia mimi. Moyo wako mzuri, nakushukuru. Lakini nilikuona kwa macho yangu, Jabez. Ulikufa ukafufuka. Hao bata ndio walionichelewesha. Si ndiyo?"

Mjomba aligeuka akanitazama. Alitaka shahidi, na shahidi nilikuwepo. Siku ile alikuwa ameniambia hata rangi ya uzi ulioshonea ule mfuko, na lile koti lilikuwa bado limetundikwa ghalani. Ningelileta nikalitia mezani, na mama angeamini. Lakini niliona jinsi alivyoshika ukingo wa meza, nikaogopa kitakachompata akijua kwamba alikuwa ameshakipita kibanda cha mikate, akarudi kwa ajili ya maji ya asali. Nikainamisha macho kwenye ndoo.

Mama alikuwa akingoja jibu.

"Ndiyo, mdogo wangu," mjomba akasema.

Akaivaa kofia yake akatoka nje. Hakulitaja tena jambo hilo, na kabla ya Krismasi tulimzika kando ya Lettice. Mama aliishi miaka sita zaidi, na mpaka siku ya mwisho alikuwa akiwataja wale bata. Ningeweza kumwondolea kosa lisilo lake siku yoyote katika miaka hiyo sita. Sikufanya hivyo, na mimi hakuna mtu aliyekuwa amenishika bega.